Sikudhani na Mafuta ya Karanga

Zamani sana, wanangu, wakati wanyama wakiposana na kuoana kama sisi, alikuwako pimbi mmoja jina lake Sikudhani. Aliishi na mumewe, Mshindo, ndani ya jabali kubwa. Mlango wao ulikuwa mwanya mwembamba kwenye jiwe, na mwanya huo ndio uliowaweka hai, kwa sababu Chui aliyekaa bondeni hakuweza kupenyeza hata bega.

Mwaka huo chini ya jabali palikuwa na shamba la karanga ambalo wenyewe walihama bila kuvuna. Sikudhani alizipenda mno. Alikula asubuhi, akalala, akaamka akala tena. Wenzake walikwenda mbali kutafuta majani, yeye akawaona wanajisumbua bure. Tumbo likatoka, shingo ikapotea. Ikafika mahali akawa anaingia nyumbani kwa ubavu, Mshindo akimvuta mikono. Mumewe alimwambia mara nyingi apunguze. Yeye akamjibu kuwa mke mnene ni heshima ya mume, wakacheka, mambo yakaishia hapo.

Siku moja mchana, pimbi aliyekuwa na zamu ya kulinda akapiga mbinja: fyuuu! Wote wakatawanyika, kila mmoja akatokomea kwake. Sikudhani alikimbia akihema, akachomeka kichwa kwenye mwanya, akachomeka mabega. Tumbo likagoma. Mbele yake alimwona Mshindo gizani, na huku nyuma mwili uliobaki ulikuwa nje juani. Mshindo alimvuta mpaka machozi yakamtoka. Kisha Sikudhani akasikia pumzi ya moto mgongoni.

"Usihangaike, bibi," Chui alisema taratibu. "Mimi sina haraka."

Akamchomoa kama muhogo.

Sikudhani alikufa ganzi. Chui alimgeuza huku na huku, akambonyeza tumbo, akamwambia ana bahati, maana hataliwa leo. Mwezi ukiandama wakwe wa Chui wangekuja kumtembelea, na kitoweo cha mama mkwe kimeshapatikana.

Katikati ya hofu ile, Sikudhani alipata neno moja la kushika.

"Bwana Chui," alisema, "umewahi kumpikia mkweo?"

"Bado."

"Basi usimpikie mafuta haya. Ni mafuta ya kulala na kula karanga, yakiingia motoni yananuka. Atashika pua mbele ya watu, na akiondoka ataondoka na mkeo."

Porini hakuwako mnyama ambaye Chui alimwogopa, ila mama mkwe huyo alimnyima usingizi. Akauliza lifanyike nini. Sikudhani akamweleza kwamba asipewe karanga tena, apewe majani na matango ya porini, na kila asubuhi akimbizwe juu ya jabali mpaka ahemewe. Mafuta yatayeyuka, nyama itakaza, itafaa kuwekwa mbele ya wakubwa.

Chui akamfungia pangoni kwake, akaziba mlango kwa jiwe. Mwanzoni Sikudhani hakuweza kumeza kitu kwa woga. Walipopanda jabalini akakimbia kidogo, akaanguka. Chui akaonyesha meno, akasema kama ni kufa mwenyewe, heri aliwe sasa hivi. Hapo Sikudhani akaelewa kwamba njaa tupu ilikuwa inamwibia miguu. Tangu siku hiyo akajilazimisha kula majani yake, akayatafuna polepole.

Kila alipozunguka jabali alipita mbele ya mwanya wa nyumbani kwake. Chui alijilaza kivulini wala hakuulinda, kwa kuwa aliona kwa macho yake kwamba hauingiliki. Ndani, Mshindo alichungulia bila kutoa sauti. Sikudhani hakuthubutu kujaribu. Akikwama tena, Chui atajua amechezewa, na hakuna mama mkwe atakayengojewa. Kwa hiyo aliutupia jicho tu, akapita, akimwomba Mungu tumbo liishe kabla mwezi haujaonekana. Ile miinuko iliyomtoa pumzi akawa anaipanda bila kusimama. Shingo yake ikarudi.

Asubuhi moja Chui akamwita karibu.

"Umepungua," alisema. "Naona unaniishia mkononi."

Sikudhani akamsogezea mguu. "Nibonyeze paja," alisema.

Chui akabonyeza. Paja lilikuwa gumu kama mzizi. Akaridhika, lakini macho hakuyaondoa. "Imetosha. Wageni wako njiani. Zunguka mara moja tu, kisha tushuke."

Sikudhani akaondoka mbio bila kujua kama mwili wake umetosha au la. Alipofika kwenye mwanya akageuka ghafla, akatoa pumzi yote kifuani, akajitumbukiza. Kichwa kikapita, mabega yakapita, tumbo likapita likikwaruzwa. Nyonga zikakwama. Nyuma alisikia mawe yakiporomoka: Chui anakuja. Mshindo akadaka mikono yake. Sikudhani akasukuma kwa miguu ile iliyozoea kupanda, ngozi ikachubuka, akaangukia ndani. Kucha za Chui zilichukua manyoya tu.

Chui alinguruma. Kisha akaanza kubembeleza, akaapa kuwa hatamla, atoke tu aonekane na wageni. Mara huko bondeni ikasikika sauti ya mama mmoja ikiuliza mwenye nyumba yuko wapi. Chui akateremka akinyata, mikono mitupu.

Sikudhani alijilaza mpaka alasiri, kichwa mapajani pa mumewe. Kesho yake miguu ilikuwa bado mizito kwa woga, lakini alitoka na wenzake kwenda mbali kutafuta majani, na waliporudi akalizunguka jabali mbio, bila mtu wa kumkimbiza. Karanga alionja chache, akaziacha.

Basi, wanangu, uwekeni mwili wenu sawa wakati hakuna anayewafukuza, maana mkishafukuzwa hakuna muda wa kuanza.