Nani Alimtembeza Mzee Kilua

Zimeni redio, na wewe uliyeshika simu ilaze kifudifudi, maana kesi hii siisimulii mara mbili. Nimeshaipeleka kwa watu wenye vyeti ukutani. Mwalimu mkuu mmoja alikunywa chai yangu birika zima, akaaga bila kujibu. Mimi niliyeachana na shule darasa la sita ndiye ninayeielewa kuliko wote, na bado inanikera.

Pale Korogwe palikuwa na wanafunzi watatu. Hiza alikuwa na mkono. Ukimpa mkasi akate picha ya mbuzi, angeikata mpaka ndevu, unywele mmoja mmoja.

Kizito alikuwa na mdundo. Alikua nyuma ya ngoma za kwaya, na kitu chochote kinachotembea, kiwe bata au trekta, alikihesabia hatua.

Tunu alikuwa na jicho. Angekutajia saa kwa kutazama kivuli cha kikombe mezani, na akikosea, kakosea dakika tano.

Wote watatu walikuwa wakijifunza kwa Bi Shemsa, mwenye duka la video za harusi. Aliwafundisha programu ya kompyuta ya kupachika picha juu ya picha: unamtoa mtu hapa, unamweka pale, unazipa herufi miguu zikimbie. Wiki sita walimtoa jasho. Somo la kwanza kabisa, kwamba video ni matabaka yaliyopangwa kama chapati kwenye hotipoti, na la juu ndilo linaloonekana, alilirudia mara kumi na nne.

"Hiza, juu ni wapi?"

"Huku, mama."

"Huko ni chini, baba yangu. Umemfunika bwana harusi kwa mawingu. Mama mzazi wake anamtafuta."

Duka lilikuwa na kompyuta mbili na viti viwili, kimoja cha Bi Shemsa mwenyewe. Tangu siku ya kwanza aliwaambia: mafunzo yakiisha nitamwajiri mmoja, wawili watarudi makwao. Kwa Hiza, kurudi maana yake kukata mkonge. Kwa Kizito, ni kuchoma mkaa kwa baba mkwe na kusimangwa juu yake. Tunu alikuwa ameposwa na mtu asiyemtaka, na mafunzo yale ndiyo sababu pekee iliyowafanya nyumbani wakubali kusubiri.

Ndipo ikaja kazi ya Mzee Kilua.

Mzee alianguka kwenye ngazi akifunga turubai la harusi ya bintiye, Sikudhani. Mguu ukavunjika, ndoa ikafungwa yeye yuko wodini. Sikudhani alipoletewa video aliitazama mpaka mwisho, kisha akaisukuma mezani.

"Siichukui. Ukoo mzima upo, hata jirani aliyetukana wageni yupo. Baba hayupo. Sasa hii ni harusi ya nani?"

Ijumaa alikuwa anahamia Sumbawanga kwa mumewe. Alhamisi ukoo ulikuwa unakutana kuitazama video. Siku hiyo ilikuwa Jumamosi.

Bi Shemsa akawageukia wanafunzi wake. "Atakayemtoa Mzee Kilua mlangoni na bintiye mpaka kwenye gari, ndani ya video hii, kiti ni chake."

Programu ile inafuta rangi moja unayoichagua. Unampiga mtu picha mbele ya kitambaa cha kijani, kijani kinafutwa, mtu anabaki peke yake, unampeleka utakako. Kitambaa hawakuwa nacho. Kizito akakimbilia kwa mama mwenye nyumba wake akaazima kanga, kijani kama mchicha. Wakaenda hospitali, muuguzi akawapa dakika kumi barazani. Kanga ikatundikwa, mzee akakalishwa mbele yake na kofia yake iliyodarizwa kwa mkono, akaambiwa atazame upande kama anamtazama binti, atabasamu. Akatabasamu, kamera ya video ikimrekodi kuanzia kiunoni kwenda juu, plasta isionekane. Wakarudi mbio.

Wakafuta kijani. Kijani kikatoka chote, safi. Lakini kanga ina jina, jamani. Jina lile lilikuwa jeusi, halikufutika, likabaki linaning'inia hewani kutoka sikio hadi sikio la mzee: UMEKUJA KUNICHUNGUZA AU KUNISALIMIA. Na pale alipowekwa, nyuma yake hasa alisimama mama wa bwana harusi.

Bi Shemsa alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Maneno yalikuwa palepale.

"Ina maana hakuna aliyeyaona?"

"Mimi niliyaona," akasema Tunu.

"Ukanyamaza?"

"Kanga ni ya Kizito. Nilidhani ana mpango nayo."

Wakarudi hospitali. Muuguzi akawapokea mlangoni mikono kiunoni. "Hapa ni wodi, si studio. Mzee amelala, nanyi nendeni mkalale."

Kwa hiyo walibaki na video ileile, ya mzee aliyekaa, mwenye maandishi masikioni.

Kompyuta ya wanafunzi ni moja, ikabidi wapokezane; Hiza akaichukua kwanza. Sekunde moja ya video ni picha ishirini na tano, na safari ya kutoka mlangoni mpaka kwenye gari ni sekunde kumi na mbili. Hesabu mwenyewe, mimi nimeshahesabu: picha mia tatu. Katika kila moja alimkata mzee kwa mkono, akizunguka sikio, ndevu, ukingo wa kofia. Alipofika picha ya mia na arobaini, umeme ukakatika. Hakuwa amehifadhi hata moja. Kizito alimwambia maneno ambayo kwaya haikumfundisha. Hiza akaanza upya, Jumanne mchana akamaliza.

Kizito akampokea mzee akiwa hana herufi, lakini hana miguu pia. Unaweka alama mlangoni, unaweka alama kwenye gari, programu inamsogeza mtu katikati. Alipojaribu, mzee alitoka mlangoni akiteleza kama kabati linalohamishwa. Kizito akafuta. Akaketi akitazama hatua za Sikudhani, akizipiga mezani kwa vidole, kisha akaweka alama kila hatua: bega la kushoto lishuke kidogo, la kulia lipande, kichwa kichelewe. Jumatano asubuhi mzee alitembea, tena mwendo wa baba mwenye furaha na viatu vipya.

Tunu akampokea mzee anayetembea, lakini amebandikwa kama stempu. Jua la harusi lilitoka kulia, la hospitali kushoto. Chini ya kiuno hakuna kitu. Tunu akampindua mzee, kulia kukawa kushoto, jua likaafikiana. Akampunguza weupe. Akamlazia kivuli ukutani. Kisha akawakata wanawake wanne waliokuwa wakipiga vigelegele, akawaweka tabaka la mbele kabisa, mabuibui yao yakaziba pale miguu ilipokosekana. Alhamisi saa sita akainua mikono kwenye kibodi.

Saa tisa ukoo ulikaa sebuleni. Mzee Kilua aliletwa kwa magongo, akawekwa mbele. Mlango ukafunguka kwenye skrini, Sikudhani akatoka, na baba yake pembeni. Wakatembea bega kwa bega mpaka kwenye gari.

"Kumbe nilikwenda," akasema mzee, polepole.

"Ulikwenda," akadakia dada yake, hata hajui anaapa nini. "Mimi ndiye niliyekupisha mlangoni."

Sikudhani aliichukua video.

Sasa shughuli ikawa dukani. "Bila mimi kungekuwa na matusi hewani," alisema Hiza.

"Bila mimi kungekuwa na kabati," alisema Kizito.

"Bila mimi mngepeleka stempu isiyo na miguu," alisema Tunu. "Na nyote mngeisifia."

Bi Shemsa akaifungua kazi. Kila tabaka lina kijicho pembeni, ukikibonya linajificha. Akaificha kazi ya Hiza: mama wa bwana harusi akaulizwa tena kilichomleta. Akairudisha, akaificha ya Kizito: mzee akateleza. Akairudisha, akaificha ya Tunu: nusu mtu akaelea uani. Akarudia. Akarudia tena.

Makosa nayo akayapima. Kizito alileta kanga. Tunu aliona akanyamaza. Hiza alipoteza nusu ya kazi kwa kutohifadhi. Yote yalilingana, na hilo ndilo lililomuudhi zaidi.

"Ongeza kiti, mama," akasema Kizito.

"Niongeze na kompyuta ya udongo?"

Akatoka nje kunywa maji. "Nikirudi nimkute mmoja amekaa."

Aliporudi, wote watatu walikuwa wamesimama, kiti kitupu katikati yao, na mteja mgeni yuko mlangoni na bahasha ya picha za marehemu mkewe.

"Samahani," akauliza mteja, "fundi hapa ni yupi?"

Bi Shemsa akamtazama Hiza, akamtazama Kizito, akamtazama Tunu. Haya, nyinyi mnaojua kila kitu: mtu wa watu amesimama mlangoni, anangoja. Mngemwonyesha nani?