Atakayempa Kigego Jina

Kwaa! Jiwe juu ya bati, likabingirika mpaka ukingoni, likaanguka. Mmesikia? Msiwashe taa. Usiku ni hivyo hivyo tangu mwanangu aote jino. Sogeeni niwasimulie upesi kabla hajaamka, maana nina fumbo, na Jumapili inanikimbilia.

Katika boma letu kulikuwa na watu watatu, kila mmoja na kipaji chake. Wifi yangu Nakiete alijaliwa masikio. Ukinong'ona bandani, yeye jikoni amekwisha kusikia. Baba mkubwa Eliamini, mzee wa kanisa, alijaliwa sauti. Akianzisha wimbo, ng'ambo ya bonde wanaitikia. Na mume wangu Mbazi alijaliwa utii. Msicheke, kutii nako ni kipaji. Tangu azaliwe hajawahi kumpinga mama yake, hata kwa kukunja uso.

Basi mwanangu akaota jino, nalo likatoka juu kabla ya chini. Kigego! Mama mkwe alipopitisha kidole ufizini, aliurudisha mkono kama aliyeshika kaa la moto.

"Umetuzalia nini, wewe? Hicho kidato cha nne chako ndicho kilichokufundisha kuleta balaa?"

Ng'ombe akifa, ni mtoto. Mahindi yakikauka, ni mtoto. Na desturi ya kale ilisema kigego apelekwe mwambani, aachwe huko afe. Lakini kwanza wakubwa wa boma waonje kibuyu kimoja cha pombe ya miwa. Kikizunguka bila neno, shauri limepita. Mkubwa akikikataa, uamuzi humwangukia baba wa mtoto peke yake: akimeza, mtoto ameondoka; akikataa, mtoto amebaki.

Wakachagua siku ambayo Eliamini angekuwa ng'ambo akifundisha kwaya.

Nakiete alikuwa akichuja pombe ile, akayasikia yote. Mama yake akamwonyesha kidole: "Ukifungua mdomo, huna mama." Akachuja, akalia, akachuja. Kisha akaweka chujio chini, akashuka bondeni akapanda ng'ambo bila viatu. "Baba mkubwa, wanakunywa leo! Heri nikose mama kuliko nimkose Mungu." Aliporudi, nguo zake zilikuwa zimetupwa nje, kuku wanazikanyaga.

Eliamini aliwakuta wamekwisha kuketi. Wakamkabidhi kibuyu kwa heshima zote, wakitabasamu, si mnajua lile tabasamu la watu wanaokubana. Akakiweka chini. "Mimi ni mtu wa kikombe cha Bwana. Hiki sikinywi."

"Kanisa lako ndilo litakalokuchimbia kaburi?" mdogo wake akamkemea. "Ukifa, utazikwa na mbwa!"

"Basi mbwa wanizike," akasema, na safari hii ile sauti yake ilitetemeka. Tangu siku hiyo hakuna anayempa moto wala anayeitikia hodi yake.

Kibuyu kikamjia Mbazi. Mimi nimeshikwa mikono na wanawake wenzangu wa boma, mtoto analia, natapatapa mpaka kanga inafunguka, na mama yake anamwambia kwa upole kabisa, "Kunywa, mwanangu. Utapata mwingine." Mbazi akanywa! Nikapiga yowe. Wakashangilia. Lakini koo lake halikusogea. Alisimama mashavu yamevimba, machozi yanamtoka, anatutazama mimi na mtoto, halafu akaitema pombe yote miguuni pa mama yake. "Mama, nisamehe. Katika kuua siwezi kukutii."

Mtoto akabaki. Mama mkwe hajamtazama Mbazi mpaka leo.

Sasa Jumapili ni ubatizo. Mchungaji amesema mtu mmoja tu atamshika mtoto mbele ya madhabahu, naye ndiye atakayempa jina. Jana watatu hao wakagombana hapa hapa.

"Nisingekimbia mimi, baba mkubwa angekuwa anaimba tu!"

"Nisingekikataa mimi, mwanangu, kibuyu kingezunguka kama maji."

"Nisingetema mimi, mngekuwa mmekaa matanga."

"Wewe, kaka? Wewe ulikwisha kuitia mdomoni!"

"Ndiyo maana niliujua uchungu wake."

Lakini kuna jambo hawalisemi. Hao wanaotupiga mawe usiku nao wataketi kanisani, wanajua nyimbo kuliko sisi. Hapa kwetu wanatupa ya kutisha tu. Wanangoja kumjua atakayempa mtoto jina, wamtupie ya kweli. Nikimpa mmoja heshima, nimewaonyesha bati la kupiga. Nikisema mtoto asibatizwe, nimewapendeza wao, na hao watatu waliteseka bure.

Je, wewe ungemkabidhi nani mtoto? Usiseme kwa sauti. Ninong'oneze hapa sikioni. Sitamwambia mwingine, hata Mbazi.