Wakiinama Wote, Nani Atadaka?

Wakiinama wote, nani atadaka? Mmeisikia leo jikoni, mlipokimbilia wote sufuria moja mkawaacha wageni mlangoni, na sasa mnataka kujua ilitoka wapi. Haya, kaeni. Chanzo chake ni hiki.

Hapa kwetu Taita palikuwa na timu ya softboli, ule mchezo wa kupiga mpira kwa gongo na kukimbilia vituo; timu ya akina mama. Ndiyo, akina mama, msicheke. Mrushaji wao alikuwa Mama Mwadime, mtu mzima mwenye mkono mwepesi na kiuno kizito. Kituo cha pili kililindwa na mke wa mwanawe, Wakesho, aliyeolewa mwaka ule ule. Wakesho alimpenda mkwewe, tena alimwogopa. Angevumilia lolote, ila si mama yule kudhani kwamba mwanawe ameoa mtovu wa adabu.

Sasa, wapinzani wao kutoka Voi walikuwa wajanja. Hawakuupiga mpira mbali. Waliugusa tu kwa gongo, ukaanguka papo hapo mbele yao, kisha wakatoka mbio kwenda kituo cha kwanza. Mwalimu Mwangeka, kocha, alikuwa amewafundisha mpaka koo likamkauka: mrushaji na mlinzi wa kituo cha kwanza waufuate mpira, naye Wakesho akimbilie kituo kile kilichoachwa wazi, adake mpira kabla mpigaji hajafika, ndipo mpigaji atolewe. Mazoezini aliitikia vizuri. Lakini kwenye mechi, kila Mama Mwadime alipotaka kuinama, Wakesho alimkimbilia amwokotee, maana mkaza mwana hasimami wima mkwe akiokota kitu chini. Basi wakakutana watatu juu ya mpira mmoja, wakiombana radhi, na mkimbiaji keshafika kituo kitupu. Mwalimu akabaki kushika kichwa.

Ikafika zamu ya mwisho. Timu yetu ilikuwa mbele kwa bao moja, na akitolewa mpigaji huyu wa Voi tu, tumeshinda. Akifika salama, mwenzake aliyekuwa kituo cha tatu angeingia na bao la kusawazisha. Mpira ukaguswa, ukalala kwenye nyasi. Mama Mwadime akaufuata huku ameshika kiuno, na Wakesho alipomwona, moyo ulimuuma kweli kweli. Miguu yake ilitaka kwenda kule. Akaigeuza. Akakimbilia kituo cha kwanza, akasimama mikono wazi, na mkwewe akainama mbele ya kijiji kizima. Wallahi aliona haya kuliko siku ya harusi yake.

Mama Mwadime akainuka na mpira, akageuka, akamwona pale. Akarusha. Wakesho akadaka kabla mkimbiaji hajakanyaga kituo.

Watu walishangilia, isipokuwa shangazi mmoja wa mume wa Wakesho. Huyo alimfuata Wakesho hadi katikati ya uwanja, akamuuliza kama kwao walimfundisha kumtazama mkwe akihangaika chini. Wakesho akainamisha uso. Machozi yalikuwa karibu.

Mama Mwadime akaja, bado anahema.

"Mwache mwanangu," alisema. "Tangu asubuhi natafuta mtu wa kumrushia."

Shangazi akashikilia kwamba adabu ni adabu, mpira usiwe kisingizio. Mama Mwadime akamshika Wakesho mkono, akamvuta ubavuni pake.

"Adabu yake naijua, nakaa naye. Lakini wifi yangu, wakiinama wote, nani atadaka?"