Mlango wa Bi Nguchiro na Vipisi vya Fundi Nyati

Hapo kale, wanyama walipokuwa na nyumba, waume, wake na majirani wa kugombana nao, mimi nilikuwepo. Mwenye shaka atoke akakae na mbuzi. Sikusimuliwa na mtu. Niliyaona yote kwa macho haya, nimechuchumaa nyuma ya ua wa minyaa. Shule niliiacha darasa la nne, lakini macho hayaendi shule.

Basi Bwana Nyati alikuwa fundi seremala. Karakana yake ilikuwa uani kwake. Randa ikipita juu ya ubao, shaa, shaa, maranda yanaruka na kujikunja kama mkia wa kinyonga. Akitengeneza kitanda, vinabaki vipisi vya mbao. Akitengeneza kabati, vinabaki vingine. Hakuvitupa, hakuvichoma, hakumpa mtu. Alivirundika tu, mpaka mkewe akakosa pa kuweka kigoda.

"Mume wangu, hivi vipisi vina kazi gani?" mkewe akauliza, anajichomoa kibanzi kwatoni.

"Kila kipisi kina siku yake."

"Na mimi siku yangu ya kupita uani kwangu ni lini?"

Nyati akajifanya anapuliza vumbi kwenye meza.

Jirani yao alikuwa Bi Nguchiro, mjane mdogo wa umbo, mwepesi wa miguu, mwenye watoto wanne. Alikaa ndani ya kichuguu cha zamani chenye tundu pana mbele, kisicho na mlango. Sasa mwaka ule mvua zilifurika bondeni, na Chatu akapanda mlimani kwetu kutafuta pakavu. Msiniambie nguchiro haogopi nyoka. Swila anamtia adabu, hilo najua. Lakini chatu hapigani nawe, chatu anakumeza. Alikuwa amekwisha maliza vifaranga wa Kanga, kiota kizima.

Bi Nguchiro akaenda kwa fundi.

"Hodi, Fundi."

"Karibu, jirani. Ila kama umefuata vipisi, hodi yako ondoka nayo."

"Nataka vya mlango tu. Jana Chatu kapita kwangu, kasimama, kanusa. Leo atarudi."

"Pole sana. Vipisi vyangu vina kazi."

Bi Nguchiro hakulia. Alirudi kwake, akachukua ubao mmoja uliooza, aliouokota kwenye mafuriko kule bondeni, akausimamisha mbele ya tundu. Akawaambia wanawe: "Kaeni kule mwisho gizani. Kodoeni macho, msipepese, msiseme neno. Atakayecheka leo, usiku atalala tumboni kwa mtu."

Kisha akainama kwenye ufa wa ubao, akachungulia. "Mh," akasema. Akachungulia tena. "Mmh."

Nyati akapita na gogo begani. Alipofika pale, miguu ikapunguza mwendo yenyewe.

"Unachungulia nini wewe?"

"Sijui, Fundi."

"Unachunguliaje kitu usichokijua?"

"Ningekijua ningechungulia?"

Nyati akaondoka. Akafika mbali kidogo, akageuka. Akaenda tena, akageuka tena. Mwishowe akalitua gogo, puu, akarudi.

"Hebu nipishe."

Akaweka jicho kwenye ufa. Giza. Halafu akaona macho mawili yanang'aa. Halafu mengine mawili, na mengine, mpaka yakafika manane. Akarudi nyuma, akakanyaga gogo lake mwenyewe.

"Macho manane! Mnyama gani ana macho manane?"

"Hata mimi mnyama huyo simjui."

"Anakula nini?"

"Humo kuna kula tu, Fundi, asubuhi mpaka jioni. Kushiba hakuna."

"Na kikitoka humo?"

"Kikitoka humo, huenda moja kwa moja kwenye maranda yako. Hujaona nyayo?"

Nyati akageuka kutazama uani kwake. Nyayo alikuwa ameziona, ndogo ndogo, zimezungukazunguka. Watoto wale walizoea kujigaragaza kwenye maranda yake kila akilala mchana, lakini yeye angejuaje?

Bi Nguchiro hakungoja. Akachukua jiwe na msumari wenye kutu, akaanza kugongomea ubao wake. Ko, ko, ko. Msumari ukapinda. Akaugonga ubavuni. Ubao ukapasuka.

Nyati akafumba macho kama aliyeumwa jino.

"Acha. Acha, nakuomba. Nani kakufundisha kugonga msumari hivyo?"

"Shida, Fundi."

"Watu wakipita hapa watasema kazi hiyo nimeifanya mimi, maana fundi ni mmoja tu kijiji kizima. Usiguse kitu."

Akaenda kwake mbio. Akarudi amebeba vipisi vya mninga na vya mvule, na nyuma yake mkewe kabeba furushi lingine kubwa zaidi. "Shoga, kama havitoshi sema," mkewe akasema. "Tunavyo mpaka chini ya kitanda."

Nyati akazama kazini. Akapima, akakata, akapiga randa, akaunganisha kipisi na kipisi mpaka hujui kimoja kinaishia wapi. Mlango ukalala chini, mzuri, unanukia.

"Komeo nitaweka huku nje."

"Weka ndani."

Nyati akainua kichwa. "Kinachofungiwa kiko ndani. Komeo la ndani litafungwa na nani?"

"Basi liache. Nilisikia tu kwamba komeo la ndani ni gumu, mafundi wengi hawaliwezi."

"Wengi nani? Nipe hiyo patasi."

Akaliweka ndani. Akautundika mlango kwa bawaba mbili. Bi Nguchiro akashukuru, akaingia, komeo likalia kwa ndani: kacha.

Nyati akabaki amesimama nje, mdomo wazi. Akatega sikio asikie jirani yake akiliwa. Hakusikia kitu. Akajibanza nyuma ya kichuguu asubiri.

Jua lilipoanza kulegea, majani yakasema swaa, swaa. Chatu huyo. Akanusa mlango. Akausukuma kwa kichwa, pu. Akarudi nyuma, akausukuma kwa mwili mzima, puuu. Mlango kimya.

"Mlango wa nani huu?" Chatu akauliza.

Hapo Nyati akashindwa kujizuia. Akatokeza na pembe zake.

"Wangu. Mninga na mvule. Gonga tena, nataka nione kama utacheza."

Chatu akazitazama pembe, akautazama mlango, akakumbuka ana shughuli ng'ambo ya mlima.

Pakatulia. Kisha kutoka ndani ikasikika sauti nyembamba:

"Mama, sasa tunaruhusiwa kupepesa?"

Nyati akauinamia mlango.

"Bi Nguchiro."

"Abee, Fundi."

"Humo ndani mna macho manane?"

"Kumi, ukijumlisha na yangu."

Nyati akajikuna shingo. Akatazama uani kwake, kweupe, mkewe kakaa juu ya kigoda kanyoosha miguu. Akaupapasa mlango.

"Bawaba ya chini italia," akasema. "Kesho nitaleta mafuta."

Funzo lake, wanangu: anayekunyima mali yake, mpe nafasi ya kuonyesha ufundi wake.

Nami nimefika ukingoni. Ila kwa kuwa yupo mmoja hapo ananikazia macho, niseme kweli: hayo ya mafuta nimeyatia mimi. Nyati aliondoka bila neno. Lakini mlango ule nimeupita mara nyingi, na sijausikia ukilia.