Somo wa Mtoto wa Ndetaramo

Sogeeni karibu, maana kesi hii haijapata hakimu hadi leo.

Walikuwepo wagumu watatu, ndivyo wapagazi wa Kibo wanavyoitana, na kila mmoja alikuwa na kipawa chake. Kirumbuyo alihesabu hatua. Wenzake walimcheka kwamba hata akienda chooni hurudi na idadi. Ngilisho alikuwa na masikio. Alisikia maji yakipita chini ya mawe. Sifueli, mpishi wao, alikuwa na tumbo kubwa na subira, wala hakuwahi kuharakisha jiko.

Wa nne alikuwa Ndetaramo, ambaye kipawa chake kilikuwa haraka.

Alasiri moja theluji iliangukia njia ya kambi ya juu hadi magotini. Ndetaramo alikuwa amebaki nyuma na mzigo wa hema, akaona ashike mkato wa wapagazi, ule unaofuata mawe meusi. Aliujua vizuri. Ila siku hiyo mawe yote yalikuwa meupe. Alitumbukia korongoni, kifundo kikateguka, theluji ikamfunika hadi kifuani. Akapuliza filimbi mpaka midomo ikafa ganzi. Alimfikiria mkewe Aikaruwa, mjamzito wa miezi saba. Mtoto angeambiwa nini? Kwamba baba yake alikuwa na haraka?

Kambini, jioni ilipokaribia bila Ndetaramo kufika, Kirumbuyo alisema, "Huyo kwa haraka zake kashika mkato. Kutoka hapa una hatua mia sita na arobaini mpaka korongoni. Nifuateni." Ukungu ulikuwa mzito, wala hakuona jiwe hata moja. Alihesabu kwa sauti, na kwenye hatua ya mia sita na arobaini akasimama ukingoni. Mbele yao kulikuwa na weupe mtupu. "Hesabu yangu inaishia hapa," akasema.

Ngilisho akavua kofia. "Nyamazeni. Na wewe Kirumbuyo, unapumua kama punda." Walisimama kimya mpaka vidole vikauma. Kisha akasikia filimbi, nyembamba kama mbu, chini upande wa kushoto. Wakachimba kwa mikono, wakamtoa.

Walipomfikisha hemani alikuwa ameacha hata kutetemeka. Mmoja alitaka kumsugua kwa theluji, mwingine kumsogeza jikoni. Sifueli akawafukuza wote. Alivua shati, akaingia naye ndani ya mfuko wa kulalia, tumbo lake kwenye mgongo wa Ndetaramo, akakaa hivyo saa nyingi huku chakula cha wageni waliokuja kupanda mlima kikipoa. Damu iliporudi miguuni, Ndetaramo alilia.

"Lia tu, ndugu yangu," akasema Sifueli. "Ulipokuwa kimya ndipo niliogopa."

Miezi miwili baadaye Aikaruwa alijifungua mtoto wa kiume. Katika ukoo wao, mtoto hupewa jina la mtu mmoja tu, na huyo somo wake ndiye humnyoa nywele za kwanza, akawa mtu wa nyumba ile. Hao watatu hawakuwa na mtoto yeyote mwenye jina lao. Siku ya kunyoa walifika wote, kila mmoja na mkungu wa ndizi za mzazi.

"Bila hesabu yangu mngemtafuta upande wa pili wa mlima," alisema Kirumbuyo.

"Na hesabu yako ilimwona?" akauliza Ngilisho. "Ulitufikisha penye weupe ukasema basi."

Sifueli alimaliza mtori wake wa ndizi kwanza, akamgeukia Aikaruwa. "Shemeji, hawa waliniletea gogo. Mtu nilimtoa mimi."

"Tusingekuletea hilo gogo, ungepasha nini?" Kirumbuyo akamjibu.

Aikaruwa aliweka mbele ya mumewe sahani yenye wembe na bakuli la maji ya uvuguvugu. "Baba mtoto, amua. Mwanangu hawezi kuendelea kuitwa 'huyu'."

Ndetaramo aliushika wembe. Alimtazama aliyeijua njia, kisha aliyemsikia, kisha aliyempasha moto. Maji yakapoa kwenye bakuli. Kwa mara ya kwanza maishani mwake, hakuwa na haraka.

Je, nyinyi mnaosikiliza, wembe mngempa nani?