Kindi Amwonjea Mwinyi Kiboko

— Jikoni kumepikwa?
— Kumepikwa!
— Nani kala?
— Mwinyi!
— Haya, sogeeni.

Zamani bonde lote la mtoni lilikuwa la Mwinyi Kiboko. Ukilima bondeni, unamlisha. Naye, ndiyo ada, njaa ikiingia awalishe wakulima wake. Kumbe wajibu wao aliukumbuka sana, wake akausahau kabisa.

Mwaka ule mvua ikagoma. Kindi, mjane mwenye watoto tele, akabakiwa na chungu kimoja cha kunde. Kimeiva, watoto wamekizunguka macho kodo, mara akasikia tipwa! tipwa! tipwa! Ni Kiboko na wazee wake wa baraza. Akasema chungu kile chake.

Kindi akapigwa na butwaa. Chote? Chote. Hata mchuzi? Hata mchuzi. Akawatazama wanawe, mbavu nje nje, akaona leo anazika mtoto.

Ndipo akakumbuka ada nyingine, aliyoiweka Kiboko mwenyewe tangu baba yake afe kwa uyoga: aliyepika aonje kwanza.

Akaonja juu, nyam! Kiboko akafungua kinywa.

"Subiri, mwinyi wangu. Sumu hukaa katikati."

Kiboko akafunga kinywa. Kindi akaonja katikati, nyam nyam! Kiboko akafungua kinywa.

"Subiri, mwinyi wangu. Sumu huzama chini."

Kiboko akafunga kinywa. Kindi akaonja chini, kisha akawaita wanawe. Wazee wakashika vichwa. Mama gani huyu, awaonjeshe sumu watoto wake? Kindi mwenyewe alijua, Kiboko akishtuka tu, anamkanyaga.

"Tumbo langu sugu, mwinyi wangu. Sumu isipojitokeza kwangu, kwa mtoto itajitokeza."

Kiboko akamkumbuka baba yake, mashavu yakamtetemeka.

"Waonje," akasema. "Waonje vizuri."

Wakaonja vizuri. Nyam nyam nyam nyam! Kitinda mimba akaingia chunguni mzima mzima, kwaru kwaru, akatoka anacheua.

Kindi akapiga goti, akatoa chungu kwa mikono miwili.

"Salama kabisa, mwinyi wangu."

Kiboko akachungulia. Akaachama kinywa, na hadi leo ukipita mtoni utamkuta kaachama vilevile.

Ngano imekwisha, chungu kimekombwa. Funzo, wanangu: mkubwa ahudumiwe kwa moyo wote. Ukimpenda mwinyi wako, mwonjee mpaka mwisho.

— Nani kala?
— Watoto wa Kindi!
— Nyamazeni nyie. Semeni mwinyi.