Miti ya Njia ya Ziwani

Mhunzi akivunjikiwa na koleo hufua jingine. Hafungi kiwanda akakaa kulia. Ndiyo maana wahenga wakanena kwamba kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Wapo wanaodhani methali hii inahusu vyuma tu. Hao na waje huku kwetu, kijiji cha Wakri, wenyeji wa asili wa kaskazini kwenye baridi kali, kando ya Ziwa Wapusi, wamwulize Darcy Sewap.

Kila Desemba, barafu ilipokuwa nene, Mzee Norbert Ballantyne alitembea juu ya ziwa na mtaimbo wake, akiigonga barafu hatua kwa hatua. Palipokuwa salama alichomeka msonobari mchanga. Miti mia tatu na arobaini, kutoka kijijini hadi ng'ambo kwenye zahanati na duka. Tufani ikivuma usione hata kiganja chako, unafuata mti baada ya mti mpaka nyumbani. Huku kwetu hata mtoto wa miaka mitatu anajua kwamba mti wa njia hauguswi.

Darcy, fundi wa kuchomelea vyuma mwenye miaka ishirini na sita, alijua pia. Lakini pombe haina adabu. Jumamosi moja alikuwa akivua samaki barafuni, chupa mkononi, baridi ikambana, akaona uvivu kwenda msituni kutafuta kuni. Aling'oa miti kumi na mmoja, akaota moto. Kesho yake Mzee Norbert, akirudi kutoka zahanati katika tufani, aliikosa njia. Pikipiki yake ya theluji ilizama, na mtaimbo ukazama nayo. Mwenyewe alitoka majini kwa kutambaa. Vidole vya mguu wake wa kushoto viliganda, vikakatwa vyote.

Mwezi Machi Hakimu Lindgren wa mahakama ya kuzunguka vijijini alikuja kwa ndege ndogo, mahakama ikakaa katika ukumbi wa shule. Darcy alikwisha kukiri kosa. Mwendesha mashtaka alitaka afungwe miezi kumi na minane katika jela ya mjini.

"Jela naweza kumpeleka," alisema hakimu. "Naweza pia kumtoza faini, au kumwachia kwa masharti chini ya uangalizi, au akitumikie kifungo nyumbani kwake huku akiifanyia jamii kazi. Kabla sijaamua, nataka niwasikie ninyi."

Viti vikapangwa duara, unyoya wa tai ukaanza kuzunguka. Aliyeushika ndiye asemaye. Wengine wote kimya.

Yvonne, binti ya Norbert, aliunyakua. "Mimi nataka aende jela, basi! Baba yangu anachechemea, halafu huyu akae kwake anywe chai? Mkimwachia, naapa sitaikanyaga njia yoyote atakayoigusa!"

Unyoya ulipomfikia Darcy, aliushika kwa mikono miwili. "Sina la kujitetea. Nilijua, nikafanya. Babu, nisamehe."

Unyoya ukamfikia Mzee Norbert. "Jela kuna joto," alisema. "Kuna chakula mara tatu. Atalala, atanenepa, atarudi hajui kitu. Na mimi mguu huu hauiwezi barafu tena. Sasa Desemba nani atachomeka miti? Wewe, Mheshimiwa?"

Watu wakaangua kicheko, hata hakimu, na mzee akaendelea:

"Aliyeing'oa aichomeke. Atangulie yeye, miguu yake ndiyo ipime barafu. Mimi nitakaa kwenye sleji anayoikokota nyuma yake thelujini nimtukane."

Basi hukumu ikawa miezi kumi na minane, akiitumikia nyumbani. Asiguse pombe. Asitoke ila kwa kazi atakayoagizwa na mzee. Akivunja sharti moja tu, jela.

Kiangazi kile Darcy alifua mtaimbo mpya kutoka kwenye ekseli ya lori bovu. Norbert aliupima mkononi, akaguna. "Loo! Huu ni wa kuulia nyati?" Darcy akaupunguza. Ukarudishwa. Akaupunguza tena.

Desemba wakatoka, kijana mbele, mzee kwenye sleji.

"Gonga tena, we! Unaibembeleza barafu?"

Walipofika pale Norbert alipozama, Darcy alisimama. Akalia kwa sauti.

"Machozi yatakugandia usoni," alisema mzee kwa upole. "Gonga, mjukuu wangu."

Yvonne hakuvunja kiapo. Wenzake walivuka ziwa kwa nusu saa. Yeye aliambaa ufukweni saa mbili nzima. "Kiapo chako kinakula petroli, dada!" walimtania. Hasira yake ilikuwa ya kweli, na hakuna aliyekuwa na haki ya kumlaumu.

Alasiri moja ya Januari alikuwa akirudi na dawa za baba yake tufani ikamkuta. Njia ya ufukweni ilikuwa imefukiwa, petroli inakaribia kwisha, na giza jeupe limemzunguka pande zote. Akaona kitu cheusi mbele yake. Msonobari wa njia: alikuwa amepotea mpaka barafuni. Alisimama pale akaulaani mti ule, na aliyeuchomeka pia. Kisha, kwa kuwa hakuwa na pengine pa kwenda, akautafuta wa pili. Akauona. Na wa tatu. Akawa anahesabu kwa sauti huku analia, asijue kama analia kwa hofu au kwa aibu.

Mlango wa Darcy ukagongwa. Alipofungua alimkuta Yvonne, theluji mpaka kwenye kope. Darcy akarudi hatua moja nyuma.

"Mti wa mia mbili na sita, ukihesabu kutoka hapa kijijini, umeinama," alisema Yvonne. "Kesho ukaunyoshe, mtu asije akapotea."

"Sawa, dada."

Yvonne hakuondoka. Alikung'uta buti zake kizingitini. "Unaniangalia nini? Nimeganda. Nipe chai."

Darcy akabandika birika, akampa kikombe kwa mikono miwili, kama alivyoushika unyoya siku ile. Wakanywa. Mikono iliyoing'oa njia ndiyo iliyomrudisha binti wa watu nyumbani: ama kweli, kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.